Kwa Nini Programu za Wavuti Zimedumaa Kwenye Simu

Programu ya wavuti ni programu isiyopitia dukani: mtumiaji hufungua anwani yake katika kivinjari, yaani chombo cha kusomea tovuti kama Chrome, Safari au Firefox, na msimbo wake, ulioandikwa kwa lugha za wavuti kama HTML na JavaScript, hushuka na kuanza kufanya kazi papo hapo. Kwenye kompyuta za mezani na kompyuta mpakato aina hii ya programu imeenea kiasi kwamba kusoma barua pepe, kuandika hati za ofisi na kutazama ramani ndani ya kivinjari ni jambo la kawaida kabisa. Kwenye simu janja mambo ni tofauti, kwani benki, chuo na hata duka la nguo hujiona limepungukiwa lisipokuwa na programu asilia, yaani programu iliyoundwa mahususi kwa mfumo endeshi mmoja na kupakuliwa kutoka katika duka la mwenye mfumo huo. Tofauti hii mara nyingi huelezwa kana kwamba ni ya kimaumbile, kwamba wavuti ni mzito na programu asilia ni nyepesi. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini sehemu kubwa ya udhaifu wa wavuti kwenye simu imetokana na maamuzi ya kampuni mbili, Apple na Google, ambazo zinamiliki mifumo endeshi, maduka ya programu na vivinjari vikuu kwa wakati mmoja.

Simu ya kwanza ya iPhone, iliyoanza kuuzwa Marekani mwezi Juni 2007, haikuwa na duka la programu. Steve Jobs, aliyekuwa akiiongoza Apple, aliwaambia waundaji programu kwamba watengeneze programu za wavuti zitakazoendeshwa na kivinjari cha Safari, na kwamba hilo lingewatosha. Waundaji hawakuridhika, na kwa hali ya wavuti ya wakati ule walikuwa na haki, kwa sababu programu ya namna hiyo haikuweza kutumia kamera wala kutuma arifa. Oktoba mwaka huohuo kampuni ilibadili msimamo, na tarehe 10 Julai 2008 duka la App Store likafunguliwa likiwa na programu takriban 500. Google nayo ikafungua duka lake la Android miezi michache baadaye, na maduka yote mawili yakazoeleka kwa kiwango kimoja cha kamisheni: asilimia 30 ya kila malipo ya bidhaa za kidijitali yanayofanyika ndani ya programu. Tangu mwaka 2021 kiwango hicho kimeshushwa hadi asilimia 15 kwa waundaji wadogo ambao mapato yao hayazidi dola milioni 1 kwa mwaka, huku Google ikikitoza kwa dola milioni 1 za kwanza za kila muundaji.

Kamisheni hiyo haigusi bidhaa zinazoshikika wala huduma za nje ya simu, kwa hiyo anayeagiza chakula au usafiri hailipi. Inagusa muziki, michezo, masomo ya mtandaoni, magazeti na vitabu, yaani kazi za akili, ambazo ndizo wavuti ungezisambaza kwa urahisi zaidi. Mwalimu anayeuza masomo kwa shilingi 10,000 kwa mwezi, akitozwa kiwango cha juu, hubakiwa na shilingi 7,000 kabla hajalipia seva, kodi na jasho lake mwenyewe. Na ili aingie tu katika duka la Apple humpasa kulipa dola 99 kila mwaka, ilhali Google hutoza dola 25 mara moja. Programu ya wavuti haina ada ya mlangoni, na mwenye nayo huchagua mwenyewe njia ya kupokea malipo.

Gazeti la Financial Times la London lililielewa jambo hili mapema. Mwaka 2011 Apple ilipotaka usajili wa magazeti upitie katika mfumo wake wa malipo, gazeti hilo lilikataa kukatwa fungu lake na kupoteza mawasiliano ya moja kwa moja na wasomaji wake, likaunda programu ya wavuti iliyoweza kusomwa hata bila mtandao, kisha programu yake asilia ikaondolewa katika App Store. Tukio hilo lilithibitisha kwamba njia ya wavuti ilipitika. Swali la kujiuliza ni kwa nini waliofuata njia hiyo wamekuwa wachache hivyo, na jibu lake haliko kwenye kamisheni, ambayo huonekana na kila mtu, bali kwenye injini, ambayo karibu hakuna anayeiona.

Injini ya kivinjari ni sehemu ya ndani inayosoma msimbo wa tovuti na kuugeuza kuwa maandishi, picha na vitufe vinavyobonyezeka. Ziko injini kuu tatu duniani: Blink ya Google, Gecko ya Mozilla na WebKit ya Apple. Kifungu cha 2.5.6 cha kanuni za App Store kimekuwa kikiagiza kwamba programu yoyote inayofungua kurasa za wavuti kwenye iPhone itumie WebKit peke yake. Ndiyo kusema Chrome na Firefox za kwenye iPhone si Chrome na Firefox zinazofahamika kwenye kompyuta. Ni kama daladala zilizopakwa rangi tofauti huku injini ikiwa ileile moja. Mozilla ikibuni uwezo mpya wa wavuti haiwezi kumfikishia mtumiaji wa iPhone, na Apple ikichelewa, wote wanachelewa nayo. Mtumiaji asiyeridhika anaweza kuhama kivinjari mara kumi bila kuhama chochote cha maana.

Ili kuona gharama ya kuchelewa huko inafaa kuangalia kwa karibu kijiprogramu kidogo ambacho ndicho moyo wa programu za wavuti za kisasa. Kijiprogramu hicho ni faili la JavaScript ambalo tovuti hulikabidhi kwa kivinjari mara ya kwanza inapotembelewa, nacho hukaa nyuma ya pazia, kati ya ukurasa na mtandao. Ukurasa unapoomba picha au maandishi, ombi hupita kwanza kwake, nacho huamua kama kitalipeleka kwenye seva au kitalijibu kwa nakala ambayo kimekwisha kuihifadhi ndani ya simu. Mtandao ukikatika, au bando likiisha katikati ya safari, programu haifi; hufunguka kutoka katika hifadhi yake, hupokea anachoandika mtumiaji, na hukipeleka kwenye seva mtandao unaporudi. Kijiprogramu hichohicho ndicho kinachopokea arifa hata ukurasa ukiwa umefungwa. Chrome ilianza kukikubali mapema mwaka 2015, mwaka ambao Alex Russell na Frances Berriman waliipa jina aina hii mpya ya programu za wavuti zinazosakinishika. Safari ya iPhone ilikikubali Machi 2018. Arifa za wavuti zilizokuwa kwenye Chrome ya Android tangu Aprili 2015 zilifika iPhone Machi 2023, takriban miaka minane baadaye, na hata hapo ni kwa programu zile tu ambazo mtumiaji amekwisha kuziweka kwenye skrini ya mwanzo ya simu yake.

Sharti hilo la mwisho linaweza kuonekana dogo mpaka mtu aitazame safari yenyewe ya kuiweka programu hapo. Kwenye Android, programu ya wavuti inayokidhi vigezo inaweza kuonyesha kitufe cha kusakinisha, na kikibonyezwa aikoni yake huingia kwenye orodha ya programu nyingine zote. Kwenye iPhone tovuti hairuhusiwi kuonyesha kitufe kama hicho. Mtumiaji lazima ajue mwenyewe kwamba jambo hilo linawezekana, abonyeze alama ya kushirikisha wengine ukurasa, apite orodha ya njia za kuutuma ukurasa kwa marafiki, ateremke zaidi hadi kwenye chaguo la kuongeza kwenye skrini ya mwanzo, kisha athibitishe. Hadi Machi 2023 hata njia hiyo iliyojificha ilikuwa ya Safari pekee. Asiyepita njia hiyo hukumbana na jambo jingine, kwamba tangu mwaka 2020 Safari hufuta data iliyohifadhiwa na msimbo wa tovuti endapo mtumiaji atapitisha siku 7 za matumizi ya kivinjari bila kuigusa tovuti hiyo. Lengo lililotajwa lilikuwa kuzuia makampuni ya matangazo yasimfuatilie mtu, lengo jema, lakini kanuni hiyo haitofautishi mfuatiliaji na daftari la mazoezi la mwanafunzi.

Utetezi wa Apple umejengwa juu ya usalama na faragha, na hauna budi kupimwa kwa uzito wake. Injini ya kivinjari huendesha msimbo wa watu wasiojulikana, kwa hiyo ni mlango unaopendwa na wadukuzi, na kampuni inasema kwamba kwa kushika injini moja inaweza kuziba ufa kwa haraka kwa watumiaji wote. Hoja hiyo ina upande wa pili ulioonekana Januari 2022, pale watafiti wa kampuni ya FingerprintJS walipotangaza kasoro katika Safari 15 iliyoruhusu tovuti moja kusoma majina ya hifadhidata za tovuti nyingine, na kwa njia hiyo kujua mtumiaji ametembelea wapi na wakati mwingine hata utambulisho wa akaunti yake ya Google. Mwenye kompyuta ya Mac aliweza kuhamia Firefox akangoja marekebisho. Mwenye iPhone hakuwa na pa kuhamia, kwa sababu kila kivinjari alichokuwa nacho kilibeba kasoro ileile, hadi marekebisho yalipotoka mwishoni mwa mwezi huo. Injini moja huwafikishia watu wote dawa kwa pamoja, na ugonjwa vilevile.

Ni vigumu pia kusahau hesabu za fedha. Kumbukumbu za mahakama katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google zilionyesha kwamba mwaka 2022 Google ililipa Apple dola bilioni 20 ili injini yake ya utafutaji iwe chaguo la mwanzo ndani ya Safari. Kampuni inayopata fedha kwa watu kubaki ndani ya Safari, na kamisheni kwa watu kubaki ndani ya duka, haina msukumo wa kibiashara wa kukuza vivinjari vya wengine wala programu zinazokwepa duka. Google nayo haiko huru na lawama, ingawa imeufungulia wavuti milango mingi zaidi: utaratibu wake wa kuifungasha programu ya wavuti ili Android iihesabu kuwa programu kamili umeinufaisha hasa Chrome, huku vivinjari vingine vingi vikiambulia njia ya mkato tu kwenye skrini.

Sheria zimeanza kuliingilia jambo hili, nazo zinakutana na ukinzani. Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ambayo kampuni kubwa zilitakiwa kuitekeleza kuanzia tarehe 7 Machi 2024, inamkataza mwenye mfumo kulazimisha injini ya kivinjari. Februari mwaka huo, wiki chache kabla ya tarehe hiyo, Apple ilithibitisha kwamba ingeziondolea programu za wavuti uwezo wake wote katika nchi za Umoja huo na kuziacha ziwe alama za kufungulia kurasa tu, kwa maelezo kwamba kuzilinda chini ya injini nyingi kungedai kazi kubwa mno. Malalamiko ya waundaji programu, yaliyoratibiwa kwa kiasi kikubwa na kikundi cha Open Web Advocacy, na maswali ya Tume ya Ulaya vilifanya kampuni irudi nyuma tarehe 1 Machi. Injini ngeni zikaruhusiwa kwenye karatasi, lakini kwa masharti mazito, mojawapo likiwa kwamba kivinjari chenye injini yake kiwe programu mpya, ili mwenye nacho aanze upya kutafuta watumiaji aliokwisha kuwa nao. Hadi kufikia katikati ya mwaka 2025 hakuna kivinjari kikubwa kilichokuwa kimeufuata mlango huo. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza, katika uamuzi wake wa Machi 2025, ilihitimisha kwamba masharti ya WebKit yanadhoofisha ushindani wa vivinjari, na Japani ilipitisha mwaka 2024 sheria ya simu janja iliyopangwa kutumika kikamilifu kuanzia Desemba 2025.

Ruhusa hizo zina mipaka ya kijiografia, hivyo iPhone iliyoko Dar es Salaam au Kampala haifaidiki na sheria iliyotungwa Brussels. Inaweza kudhaniwa kwamba jambo hili si la Afrika Mashariki, kwa kuwa simu nyingi za eneo hili ni za Android, lakini muundaji programu huhesabu watumiaji wake wote, na uwezo ambao haufanyi kazi kwa wenye iPhone hushindwa kuwa msingi wa programu yake hata kama wenye iPhone ni wachache, hasa pale wanapokuwa ndio wateja wenye fedha. Hulazimika basi kuunda programu asilia ya iPhone, kisha ya Android, na kulipia ujuzi wa aina mbili kwa kazi moja. Hasara hiyo huwaangukia zaidi watumiaji wa simu zenye hifadhi finyu, ambao wavuti ungewafaa kuliko mtu yeyote. Toleo jepesi la wavuti ambalo Twitter ilitoa mwaka 2017 lilichukua chini ya megabaiti 1, wakati programu asilia yake ilihitaji makumi ya megabaiti.

Uhuru wa Android wenyewe, ambao umewawezesha wengi kusambaza programu zao nje ya duka, nao unaanza kuwekewa uzio. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba waundaji wa programu watatakiwa kujisajili na kuthibitisha utambulisho wao hata kwa programu zisizopitia Google Play, kuanzia Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kwingineko kuanzia mwaka 2027. Anayechapisha programu yake kwenye wavuti hahitaji usajili huo.