Matairi na ringi si mapambo ya gari

Kila msimu wa masika unapokaribia huwa tunakumbushana kuzibua mitaro, kuziba mapaa yanayovuja na kuyaepusha maji na kuta za nyumba zetu. Ni desturi njema. Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo halitajwi katika makumbusho hayo ingawa linagusa maisha ya watu moja kwa moja, nalo ni matairi ya gari. Sehemu ya tairi inayokanyaga njia haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Juu ya viganja hivyo vinne ndipo unapokaa uzito wote wa gari na abiria wake, na ndipo linapotegemea tumaini la dereva kusimama kwa wakati pale mtoto wa skuli anapovuka njia ghafla.

Tunayasema haya kwa sababu katika mitaa ya Mji wa Unguja, na vivyo hivyo Chake Chake na Wete, tunaona gari ndogo za matumizi ya kila siku, za kwendea kazini asubuhi na sokoni jioni, zikivuliwa ringi zilizotoka nazo kiwandani na kuvishwa ringi kubwa zing'aazo, pamoja na matairi mapana yenye ubavu mwembamba mithili ya ukanda. Hatuna ugomvi na mtu apendaye gari yake ipendeze; amechuma kwa jasho lake. Wala si kweli kwamba kila badiliko ni baya. Ringi nyepesi na tairi bora huifanya gari iutii usukani, ishike njia katika kona na isimame mapema. Tunalouliza ni kama anayenunua anakijua anachokinunua. Wahenga walikwisha tuonya kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Elimu ya jambo hili imeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Tuchukue mfano wa gari ya Toyota Premio, ambayo ni maarufu visiwani. Nyingi katika hizo huvaa tairi lenye maandishi 195/65 R15 91H. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, yaani asilimia 65 ya ule upana. Herufi R ni alama ya tairi la nyuzi za radiali, aina ambayo kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilianza kuiuza mwaka 1949, na 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Namba 91 ina maana kwamba tairi moja limeruhusiwa kubeba kilo 615, na herufi H kwamba limejaribiwa kwa mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa.

Kwa hesabu hiyo, ubavu wa tairi hili una kimo cha milimita 127 hivi, na kipenyo cha gurudumu zima ni milimita 634. Mwenye gari akipanda hadi ringi ya inchi 16 na tairi la 205/55, kipenyo hubaki milimita 632. Mita ya mwendo haidanganyi, na ubavu hupungua kuwa milimita 113. Akipanda hadi inchi 17 na tairi la 225/45, ubavu hushuka hadi milimita 101. Akifika inchi 18 na tairi la 225/40, atabakiwa na milimita 90 tu. Hapo ndipo penye shina la maneno yetu. Ubavu wa tairi ni mto unaopokea pigo la shimo kabla halijafika kwenye ringi, shokamzoba na mgongo wa abiria. Kila unapopunguzwa kwa ajili ya urembo, pigo hilo hutafuta mahali pengine pa kwenda. Ringi hupinda au hufanya ufa, au ubavu wa tairi huota nundu, ambayo ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimekatika. Tairi lenye nundu halina dawa. Lisisubiriwe lipasuke njiani.

Barabara zetu tunazijua. Ziko zilizo laini, na ziko zenye mashimo, kingo za lami zilizomeguka na matuta yasiyo na rangi. Kwa hiyo rai yetu kwa mwenye gari ya kila siku ni kwamba, akitaka kubadili, apande hatua moja tu, yaani inchi moja juu ya ile ya kiwandani, na tofauti ya kipenyo cha gurudumu zima isivuke asilimia 3. Vile vile asikubali tairi lenye uwezo mdogo wa kubeba. Yako matairi ya inchi 18 yenye namba 88, ambayo ni kilo 560. Hiyo ni pungufu ya kilo 55 kwa kila tairi, na mara nyingi hununuliwa na watu wale wale wanaopakia jamaa nzima na mizigo ya harusi kwenda Makunduchi au Nungwi.

Ringi nazo zina masharti yake. Premio hufungwa kwa nati 5 zilizopangwa katika duara la milimita 100. Mark X nayo ina nati 5, lakini duara lake ni milimita 114.3. Kwa macho ringi za gari hizi mbili hufanana. Fundi anayetanua matundu ili ringi ya hii iingie katika ile anacheza na roho za watu. Tundu la katikati nalo yapasa likae sawasawa juu ya habu. Likiwa kubwa, iwekwe bangili ya kuziba nafasi hiyo, ama sivyo usukani utatetemeka. Ringi inayotokeza nje kupita kiasi hukwaruza madigadi na kuzichosha beringi kabla ya wakati wake. Uzito pia utazamwe, kwani ringi kubwa ya bei nafuu aghalabu ni nzito kuliko ile ya kiwandani, na gari yenye magurudumu mazito huwa nzito kuondoka, nzito kusimama na hunywa mafuta zaidi. Anayetafuta wepesi basi na aulize kilo, asiulize mng'ao. Na kwa kuwa sisi ni watu wa pwani, tusisahau kwamba chumvi ya bahari hula chuma na alumini iliyochubuka rangi. Ringi zioshwe kwa maji baridi kila zinapotoka ufukweni.

Kuhusu mpira wenyewe, tunapenda kutoa tahadhari mbili. Kwanza, tairi lina umri hata kama halijatembea. Ubavuni mwake mna tarakimu 4 za tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua na joto huukausha mpira na kuupasua, na watengenezaji wengi wa gari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka 6 au karibu na hapo, ingawa meno yake bado yanaonekana. Pili, baadhi ya gari zilizotumika Japan huletwa zikiwa na matairi ya majira ya theluji. Mpira wa matairi hayo umelainishwa ili usiwe mgumu katika baridi kali. Katika joto letu huwa laini kupita kiasi, huisha haraka na hauisimamishi gari inavyostahiki. Tairi la kutufaa ni la majira ya joto, lenye mifereji mipana ya kutolea maji. Mvua inaponyesha, tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma kando. Likishakuwa kipara huelea juu ya maji na usukani hauna tena la kufanya. Nchi nyingi zimeweka kina cha milimita 1.6 kuwa mwisho wa sheria, lakini kwa masika yetu tunashauri tairi libadilishwe likifikia milimita 3.

Mwisho wa yote ni matunzo. Upepo upimwe asubuhi kabla gari haijatembea, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kukisia kwa teke. Magurudumu yapimwe ulinganifu kila yanapofungwa matairi mapya, na baada ya kilomita chache nati zikazwe tena. Ikiwa fedha hazitoshi, ni bora kununua matairi manne mazuri na kubaki na ringi za zamani kuliko kununua ringi za fahari na kuzivisha matairi ya mtumba.

Baada ya kusema na wananchi, tunawageukia viongozi na watendaji wa Serikali. Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, ni chombo kinachofaa kusimamia ubora wa matairi yanayoshushwa bandarini, na tungependa tarehe ya kutengenezwa iwe miongoni mwa mambo yanayotazamwa kwanza. Askari wa usalama barabarani anapokagua leseni na ainame pia atazame meno ya tairi. Zabuni za matairi ya gari za Serikali zisitolewe kwa bei ya chini pekee, kwani tairi linaloisha nusu ya muda hununuliwa mara mbili. Matuta nayo yapakwe rangi na yajengwe kwa kipimo kimoja, maana haielekei kumlaumu dereva kwa kuvunja ringi juu ya tuta asiloliona. Tena pawekwe mahali maalumu pa kukusanyia matairi yaliyokwisha, kwani yakitupwa nyuma ya nyumba hujaa maji ya mvua na kuzalisha mbu waenezao homa ya dengi.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Sisi tunaona kwamba maneno hayo yamekuwa kichaka cha kujifichia uzembe. Gari inayoserereka juu ya maji kwa tairi kipara, au inayopasukiwa na tairi lililokuwa na nundu tangu mwezi uliopita, kinga yake ilikuwepo. Ni mtu tu hakuitaka. Kabla ya mawingu ya masika kutanda, kila mwenye gari na ainame azisome zile tarakimu ubavuni mwa matairi yake. Kazi hiyo haimchukui hata nusu saa, wala haimgharimu senti.