Augustino Lyatonga Mrema: Mbunge wa Temeke na Wajibu wa Mlei katika Siasa

Kila uchaguzi unapokaribia, swali moja hurudi katika jumuiya zetu ndogondogo, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Kawe na Bunju: je, mkristo mwema anaweza kuwa mwanasiasa? Wapo wanaojibu haraka kwamba siasa ni mchezo mchafu, na wapo wanaompigia debe mgombea kwa sababu tu wanasali naye kanisa moja. Majibu yote mawili yana upungufu. Katika makala hii tunapitia maisha ya mlei mmoja Mkatoliki ambaye wazee wa Temeke wanamkumbuka vizuri, ili tujifunze kutokana na mema yake na mapungufu yake.

Augustino Lyatonga Mrema alizaliwa tarehe 31 Desemba 1944 katika kijiji cha Kiraracha, Vunjo, mkoani Kilimanjaro. Alianza kazi akiwa mwalimu, kisha akawa mtumishi katika idara ya usalama. Baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa Moshi Vijijini kwa tiketi ya CCM, chama pekee kilichoruhusiwa wakati ule.

Jina lake lilivuma alipoteuliwa na Rais Ali Hassan Mwinyi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1990. Wakazi wa Dar es Salaam walikuwa wamechoshwa na ujambazi. Mrema alihimiza ulinzi wa sungusungu mitaani na ujenzi wa vituo vidogo vya polisi, na agizo lake la siku saba likawa msemo wa taifa zima. Wananchi wenye shida zilizokosa msikilizaji walimiminika ofisini kwake: mjane aliyenyang'anywa nyumba, mfanyakazi aliyedhulumiwa mshahara, mke aliyetelekezwa na watoto. Wengi walisaidiwa siku hiyo hiyo. Mwaka 1993 alipewa pia cheo cha Naibu Waziri Mkuu, ingawa cheo hicho hakikutajwa katika Katiba.

Hapa tunapata somo la kwanza. Mafundisho ya jamii ya Kanisa hutudai kuwatanguliza maskini, na kiongozi anayefungua mlango kwa mnyonge anatenda jambo jema. Lakini mafundisho hayo hayo yanasisitiza utawala wa sheria. Haki inayotegemea ukali wa mtu mmoja huondoka pamoja naye. Inayosimama juu ya mahakama na taasisi imara humfikia hata yule asiyemfahamu waziri. Mkosaji naye ana utu wake, na anastahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Mwishoni mwa mwaka 1994 Mrema alihamishiwa Wizara ya Kazi na Maendeleo ya Vijana. Mapema mwaka 1995 aliikosoa hadharani serikali aliyokuwa akiitumikia, akaondolewa katika Baraza la Mawaziri, akaihama CCM na kujiunga na NCCR-Mageuzi. Mwaka huo huo, katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo uliporejeshwa mwaka 1992, aligombea urais na kupata asilimia 27.8 ya kura. Benjamin Mkapa alishinda kwa asilimia 61.8.

Tukumbuke jambo moja kuhusu kampeni ile. Mkapa alikuwa Mkatoliki, na Mrema alikuwa Mkatoliki. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye leo tunamwita Mtumishi wa Mungu, alizunguka nchi akimnadi Mkapa na kumpinga Mrema. Waamini waliopokea Ekaristi ile ile walisimama pande mbili za jukwaa, na hakuna aliyeacha kuwa Mkatoliki kwa sababu hiyo. Kanisa halina chama. Linafundisha misingi ya utu, haki na manufaa ya wote. Kuichagua njia ya kuifikia ni kazi ya dhamiri iliyolelewa vema. Kwa sababu hiyo Sheria ya Kanisa inawazuia makleri kushika nyadhifa za utawala wa serikali, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano unawasifu walei wanaobeba mzigo huo kwa ajili ya wengine.

Sasa tufike Temeke. Katika uchaguzi mdogo wa Oktoba 1996, Mrema alishinda ubunge wa jimbo hilo akiwa mgombea wa NCCR-Mageuzi. Ushindi huo ulikuwa na maana kubwa. Mtu wa Vunjo, mkristo, alichaguliwa katika eneo ambalo wenyeji wake wengi ni Waislamu wa pwani, na kelele za ukabila na udini hazikuwazuia wapiga kura. Wale wa Keko, Chang'ombe na Tandika walimpima kwa kile walichoamini angewafanyia. Huo ni ukomavu ambao sisi leo hatuna budi kuutunza.

Lakini matumaini yale hayakudumu. Ndani ya NCCR-Mageuzi ulizuka mgogoro mkali baina ya Mrema, aliyekuwa mwenyekiti, na katibu mkuu wake, Mabere Marando. Ugomvi ukafika mahakamani, na mwaka 1999 Mrema alihamia TLP. Kwa mujibu wa Katiba yetu, mbunge anayekihama chama chake hupoteza kiti. Hivyo watu wa Temeke wakampoteza mbunge waliyemchagua, kwa ugomvi ambao haukuhusu maji wala barabara zao. Fahali wawili wapiganapo, nyasi ndizo huumia. Ni onyo kwa kila mwenye madaraka, hata katika halmashauri za parokia na kamati za vigango: cheo ni amana ya wale waliokupa.

Nguvu yake ya kisiasa ilipungua. Katika uchaguzi wa urais wa mwaka 2000 alipata chini ya asilimia 8, na mwaka 2005 hata asilimia moja hakuifikisha. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 2010 watu wa Vunjo walimrudisha bungeni, akakaa hadi 2015.

Mwaka 2016 Rais John Magufuli alimteua kuwa Mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole. Bodi hiyo hushughulikia wafungwa wanaoweza kumalizia kifungo chao nje ya gereza kwa masharti. Yule aliyejulikana kwa kuwakamata wahalifu sasa alikuwa na kazi ya kutafuta nani anastahili kurudi nyumbani. Bwana wetu alijihesabu mwenyewe miongoni mwa wafungwa, akasema anayewatembelea anamtembelea Yeye. Sisi tunaopita kila siku kando ya ukuta wa gereza la Keko tujiulize ni lini mara ya mwisho tulifanya hivyo.

Baada ya kufiwa na mkewe mwaka 2021, Mrema alifunga ndoa Kanisani huko kwao Machi 2022, akiwa na miaka 77. Wengine walicheka, lakini ndoa ni Sakramenti, na Kanisa halikuiwekea umri wa mwisho. Tarehe 21 Agosti 2022 aliaga dunia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akazikwa Kiraracha.

Wapendwa, hatukuandika haya ili kumtangaza mtakatifu wala kumhukumu marehemu. Tumeandika ili tunapokwenda kupiga kura, au tunapoombwa kugombea, tujiulize maswali matatu: Je, mtu huyu anamsikiliza mnyonge? Je, anaheshimu sheria hata inapomchelewesha? Je, atabaki na waliomchagua siku atakapokasirika? Anayetafuta majibu hayo kwa sala na kwa akili anatimiza wajibu wake wa ubatizo.

Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.