Fao la Kukosa Ajira na Amana ya Saini
Ndugu yetu aliyepunguzwa kazini ametuuliza: je, aendelee kupokea fao la kukosa ajira ilhali amekwisha kupata kazi nyingine?

Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2018, mwanachama wa mfuko aliyechangia miezi 18, na hakujiuzulu kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kulidai si kuomba sadaka. Wanaoona haya wanajidhulumu. Lakini saini yake kwenye fomu ni ushahidi, na aya ya kwanza ya Suratul Maidah yatuamrisha kutimiza mikataba. Basi auarifu mfuko tangu siku aliyoajiriwa, na alichopokea baada yake akirejeshe, hata asipoulizwa.