Kwa nini viongozi wa dini Uganda walipinga jeshi kuvuka mpaka kumsaka Kony

KWA wazee wa Buzuruga, jijini Mwanza, Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 ndivyo mfano wa karibu wa jeshi kuvuka mpaka na kuingia Uganda. Miaka 29 baadaye, jeshi la Uganda nalo lilivuka mpaka kuingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo (DRC), na miongoni mwa waliopinga njia hiyo walikuwamo maaskofu na masheikh wa Uganda yenyewe.

Desemba 14, 2008, Uganda, ikishirikiana na majeshi ya DRC na Sudan Kusini, iliyokuwa bado sehemu ya Sudan, ilishambulia kambi za waasi wa Lord's Resistance Army (LRA) za Joseph Kony katika msitu wa Garamba. Marekani ilisaidia kwa washauri na mafuta.

Umoja wa viongozi wa dini wa Acholi (ARLPI), unaowaunganisha Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu, ulitaka mazungumzo yaliyoanza Juba mwaka 2006 yaendelee. Waliouongoza ni pamoja na John Baptist Odama, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Gulu, na askofu mstaafu wa Anglikana, Macleod Baker Ochola, ambaye mkewe aliuawa kwa bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997.

Viongozi hao hawakuwa wakimtetea Kony. Hoja yao ya kwanza ilikuwa kwamba wapiganaji wake wengi walitekwa wakiwa watoto, na bomu halimtenganishi mtekaji na aliyetekwa. Ya pili ni kwamba waasi wakishambuliwa hulipiza kisasi kwa raia. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2002, jeshi la Uganda lilipowafuata kusini mwa Sudan: waasi walirejea Uganda, na idadi ya waliokimbia makazi yao ikavuka milioni moja.

Serikali ya Uganda nayo ilikuwa na hoja nzito. Mwaka 2008 Kony alikwepa mara mbili kutia saini mkataba wa amani, huku watu wake wakiendelea kuteka raia.

Hata hivyo, hofu ya viongozi wa dini ilitimia. Kony alitoroka. Kwa mujibu wa shirika la Human Rights Watch, kati ya Desemba 24, 2008 na Januari 17, 2009, LRA iliua raia wasiopungua 865 na kuteka watoto wasiopungua 160 kaskazini mwa DRC, katika vijiji ambavyo havikuwa na ulinzi.

Mwaka 2011 Marekani ilipeleka askari washauri wapatao 100. Msako huo ulisitishwa mwaka 2017 bila Kony kukamatwa. LRA ilikuwa imedhoofika sana, lakini kaskazini mwa Uganda wapo wazazi ambao bado hawajui watoto wao waliotekwa walifia wapi, wala kwa risasi ya nani.