Hofu Iliyovuka Bahari Hadi Kuze

Msomaji, ukipita vichochoro vya Kuze, hapa Mji wa Kale, usishangae kumsikia mzee akizungumza Kiunguja kitupu. Baadhi ya jamaa za mtaani walivuka kutoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Sultani Jamshid naye alikuja upande huu kwa merikebu, lakini Kenya, iliyokuwa na uhuru wa mwezi mmoja tu, ilimkatalia kushuka Mombasa.

Huko nyuma maelfu walikuwa wameuawa, hasa Waarabu. Lakini kuua peke yake hakumweki mtu kitini miaka minane. Tazama alivyotawala Sheikh Abeid Amani Karume. Vyama vyote vilipigwa marufuku isipokuwa chake, Afro-Shirazi. Baraza la Mapinduzi ndilo lililotunga sheria na ndilo lililozitekeleza. Kura haikupigwa hadi 1980. Maofisa wa usalama walifunzwa na Wajerumani wa Mashariki, na watu wakazoea kunong'ona hata majumbani mwao. Abdalla Kassim Hanga, aliyekuwa makamu wake, hakuponea.

Haki isemwe: Karume aliwagawia maskini mashamba, akajenga majumba ya Michenzani, na masomo yakawa bure. Mwafrika aliyedharauliwa enzi za Sultani alikuwa na sababu ya kumpenda. Ila utamwambia nini mzazi wa wale wasichana wanne wa asili ya Kiajemi, walioozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali mwaka wa 1970? Eti ni kuchanganya makabila! Ndoa ya kulazimishwa haichanganyi chochote ila machozi.

Njaa nayo ilikuwa chombo cha utawala. Karafuu zilileta fedha nyingi za kigeni, lakini raia alipanga foleni kupata mchele na sukari ya mgao. Mkulima alilazimika kuiuzia serikali, na aliyethubutu kuzivusha kwa magendo kuja pwani yetu alikabiliwa na adhabu ya kifo.

Karume alipigwa risasi Aprili 7, 1972, akicheza bao huko Kisiwandui. Washtakiwa walifikishwa mbele ya mahakama isiyoruhusu mawakili. Mwanasheria Mkuu ndiye aliyewashtaki, na ndiye huyo huyo aliyesimama kuwatetea.