Kutoka Kariakoo hadi Kaole: magofu ya Tanzania yenye kugusa historia ya Maniema

Kwa wafanyabiashara wengi wa Bukavu, Uvira, Kalemie ao Lubumbashi, Dar es Salaam ni bandari na soko la Kariakoo: msongamano wa magari, joto, kelele, na siku nyingi za kungojea mizigo. Lakini kilometa karibu 75 kaskazini mwa jiji hilo, kuna mahali pa utulivu ambapo Mkongomani anaweza kukutana na historia ya kwao.

Mji huo ni Bagamoyo. Basi zinatoka Dar es Salaam kila siku, na msafiri akiondoka asubuhi anarudi jioni bila shida.

Kilometa chache kusini mwa mji huo wa zamani, kuna magofu ya Kaole. Huko mgeni anakuta mabaki ya misikiti miwili na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Msikiti wa kwanza unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu, ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za kutoka China. Bakuli hizo zinaonyesha kwamba watu wa pwani walifanya biashara na Asia mbele Wazungu hawajafika.

Leo bahari haionekani vizuri kutoka hapo. Mikoko imeota mahali penye majahazi yalikuwa yakitia nanga. Bandari ilijaa matope, biashara ikahamia Bagamoyo.

Njia ya pembe na watumwa

Ni hapo historia ya pwani inaungana na ile ya mashariki mwa RDC. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za tembo na watumwa ilitoka Maniema, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo. Kutoka Ujiji peke yake ilikuwa kilometa karibu 1.200, kwa miguu. Kutoka Bagamoyo, majahazi yalivusha watumwa mpaka Zanzibar, penye soko la watumwa lilifungwa mwaka wa 1873.

Majina ya kwetu yamo katika historia hiyo. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa. Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ndiko David Livingstone aliona wafanyabiashara wakiua mamia ya watu sokoni, wengi wao wanawake, tarehe 15 Julai 1871. Mwili wake mwenyewe ulibebwa mpaka Bagamoyo mwaka wa 1874. Mwaka huohuo Henry Morton Stanley aliondokea huko, katika safari iliyomfikisha Boma mwaka wa 1877.

Katika mji wa Bagamoyo bado kuna ngome ya zamani, nyumba ya kupokelea misafara, na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka wa 1868, ambako watumwa waliokombolewa walipewa makao.

Jina lenyewe linaelezwa kwa njia mbili. Kwa wapagazi, Bagamoyo ni kubwaga moyo, maana yake kupumzika kisha safari ndefu. Kwa watumwa, ni kuacha moyo nyuma, kwa sababu mbele kulikuwa bahari tu.

Misafara hiyo iliacha pia kitu ambacho hakikuisha. Pamoja na bunduki na nguo za marekani, ilileta Kiswahili mpaka Kasongo na Kisangani. Lugha inayozungumzwa leo katika masoko na mashule ya mashariki ilipita katika njia moja na minyororo.

Njia hiyo imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa UNESCO tangu mwaka wa 2006. Upande wake wa Kongo haujulikani sana, hata kwa Wakongomani wanaopita Dar es Salaam kila mwezi. Kufika Kaole kunaomba siku moja tu. Wenye kungojea kontena itoke bandarini mara nyingi wanazo nyingi zaidi.