Kujiamini Kunakotanguliwa na Kazi

Semina nyingi za kujiendeleza humshauri mtu ajiamini kwanza ndipo atende, lakini mwanasaikolojia Albert Bandura, katika makala yake ya mwaka 1977, aliona mpangilio tofauti: imani ya mtu kwamba anaweza kutekeleza jambo fulani huimarika zaidi anapolitekeleza na kuliona likifaulu kuliko anapotiwa moyo kwa maneno. Mwaka huohuo ilianza nchini Kenya kazi ambayo, ingawa haikukusudiwa kuthibitisha nadharia yoyote, inaifafanua hoja hiyo vizuri.

Mwanzilishi wake, Wangari Maathai, alizaliwa mwaka 1940 Ihithe, Tetu, chini ya milima ya Nyandarua. Tarehe 5 Juni 1977 miti saba ilipandwa Kamukunji, Nairobi, na mingi yake ikafa. Green Belt Movement, shirika lililotokana na jaribio hilo, lilikua pale wanawake wa vijijini, walioambiwa kwamba upandaji miti unahitaji utaalamu wa wasomi, walipoamua kutumia maarifa waliyokuwa nayo tayari ya kuchagua na kuotesha mbegu, wakikuza miche hata katika vyungu vilivyovunjika. Kila mche ulioshika baada ya kupandwa ulimletea aliyeukuza malipo madogo. Na hapa ndipo penye kiini cha suala, kwa kuwa mche uliosimama ulikuwa ushahidi ambao hakuna ofisa wala mume angeweza kuupinga, na mwanamke aliyeuona alikuwa na sababu ya kujaribu jambo gumu zaidi, likiwemo kuhoji ni nani aliyegawa ardhi ya msitu.

Upande wa pili wa ukuaji huo ni kuishi kwa ukweli wa nafsi, hali ambayo Carl Rogers aliieleza kuwa kupatana kwa yale mtu anayoyahisi na yale anayoyaonyesha kwa wengine. Mwaka 1966, aliporejea kutoka masomoni Marekani, Maathai aliacha majina ya ubatizo na kurudia Wangari Muta. Hilo lilikuwa jepesi. Mwaka 1982 alijiuzulu chuo kikuu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na alipotaka kurudi kazini akakuta nafasi yake imeshajazwa; mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa Uhuru Park, akakejeliwa bungeni, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi za serikali, ingawa hatimaye jengo hilo halikujengwa. Gharama za namna hii hazitajwi sana na wanaouza ushauri wa kuwa mkweli kwa nafsi, pengine kwa sababu zingepunguza wateja.

Wala heshima ya umma haikuwa msingi wa msimamo huo. Wapiga kura wa Tetu walimpeleka bungeni mwaka 2002 kwa kura nyingi mno, Tuzo ya Nobel ya Amani ikafuata mwaka 2004, kisha mwaka 2007 akashindwa katika mchujo wa chama, akagombea kupitia chama kidogo na kukikosa kiti chake. Hata hivyo aliendelea na kazi ya misitu hadi alipofariki Septemba 2011.